Pagale la bei poa: anza na ardhi, kuta baadaye

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya mapagale, yaani nyumba ambazo hazijaisha kujengwa, yamekuwa mengi, kwenye nguzo za umeme na kwenye simu za watu: vyumba viwili, choo ndani, dakika kumi kwa boda kutoka lami, bei inazungumzika. Kwa mtu aliyechoka kupanga Mbagala au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, hiyo ndiyo nyumba ya kwanza anayoimudu. Tunaandika barua hii wawili, mpima ardhi na fundi mwashi, na kazi zetu ziko ukanda wa pembezoni mwa jiji hilo, kuanzia Mkuranga na Kisarawe hadi Chanika na Mlandizi. Hatumkatazi mtu kununua pagale. Tunalolalamikia ni kwamba mnunuzi hukagua kinyumenyume: anapima sebule kwa macho, anaipenda, analipa, halafu ndipo anauliza ardhi ni ya nani na kwenye ramani ya halmashauri inasomeka nini.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo hela nyingi zinapotea kimyakimya. Muuzaji akisema "ishirini kwa ishirini", muulize ni mita au hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 80. Hatua 20 ni mita 16, na mita 16 kwa 16 ni mita za mraba 256, wakati mita 20 kwa 20 ni 400. Umepungukiwa zaidi ya thuluthi moja na hujatoka hata kwenye mlango wa pagale. Eka nayo huuzwa kwa hatua 70 kwa 70, na mwenye kuhesabu hizo hatua huwa ni muuzaji mwenyewe au kijana wake mwenye miguu mifupi. Nenda na utepe wa mita 50, pima pande zote nne na mishazari miwili, andika namba hizo kwenye mkataba. Kiwanja chenye pande nne zinazolingana kinaweza kuwa kimelala upande kama mishazari hailingani, na nyumba ya mstatili haitakaa vizuri ndani yake.

Baada ya hapo chukua viwianishi (namba za GPS zinazoonyesha mahali) vya pembe nne. Simu ya kawaida ikikosea itakosea mita tatu hadi tano kukiwa na anga wazi, kwa hiyo haifai kuamua mpaka na jirani. Lakini inatosha kabisa kwa swali la kwanza: eneo hili kwenye ramani ya mipango limetengwa kwa ajili ya nini? Peleka namba hizo kwa maofisa wa idara ya ardhi ya halmashauri husika kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba. Kuna mapagale yamesimama kwenye viwanja vya shule, soko, makaburi na barabara za ndani ambazo hazijachongwa. Jirani hajui, mjumbe hajui, ramani inajua. Kama kiwanja kimeshapimwa na kina namba na kitalu, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaambiwa jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio la mahakama. Nakala ya hati unayoonyeshwa na dalali haichukui nafasi ya upekuzi.

Yako maeneo ambayo hata bei iwe ya bure usiguse. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatoa hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Morogoro ina habari yake: kati ya Kimara na Kiluvya hifadhi inayotambuliwa na serikali ni mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani yake zilivunjwa, zikiwemo za watu waliokuwa na makaratasi mazuri tu ya serikali ya mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ongeza njia za umeme mkubwa, bomba la gesi linalotoka Mtwara, maeneo ya jeshi, na misitu ya hifadhi kama Kazimzumbwi ambayo mipaka yake imeleta bomoabomoa zaidi ya mara moja. Ukikuta pagale limepakwa chokaa jipya sehemu moja tu ya ukuta wa mbele, likwangue. Chini yake mara nyingine kuna herufi X, alama ya nyumba inayotakiwa kuvunjwa.

Sasa aina ya ardhi. Ukanda huu umechanganyika: hapa mtaa, ng'ambo ya korongo kijiji. Kwenye kijiji inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na mgeni asiye mwanakijiji hapati ardhi kwa muhuri wa mwenyekiti peke yake. Halmashauri ya kijiji inatakiwa ikae na kuridhia, kwa hiyo omba nakala ya muhtasari wa kikao wenye tarehe, ajenda na sahihi za waliohudhuria. Muhuri bila muhtasari ni wino tu. Kwenye mtaa, serikali ya mtaa inashuhudia kwamba inamfahamu muuzaji. Haiuzi, haigawi na haithibitishi umiliki. Ile asilimia kumi inayodaiwa ofisini ukipeleka mkataba kugongwa muhuri, mahali pengi hutozwa kwa mazoea. Anayeidai akuonyeshe sheria ndogo inayompa nguvu na akupe namba ya malipo ya serikali. Akishindwa yote mawili, umeshajua hela hiyo inaelekea wapi.

Muuzaji naye ana mambo yake. Kama ana mke au mume, na pagale au kiwanja ni mali ya ndoa, mwenzi asaini ridhaa, tena mbele ya wakili, si kwa kupigiwa simu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia, na mauzo bila ridhaa ya mwenzi yanaweza kubatilishwa hata baada ya wewe kuezeka. Kama mali ni ya urithi, "sisi ndugu tumekubaliana" haitoshi. Dai barua za usimamizi wa mirathi, ambazo kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba 4, kisha fika mahakama iliyozitoa uhakikishe kumbukumbu zipo na hakuna aliyepinga. Hata msimamizi halali akiuza, warithi wasaini kukubali, maana mmoja asiyeridhika anatosha kukuweka Baraza la Ardhi na Nyumba miaka kadhaa. Baraza la kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linapatanisha tu, halitoi hukumu. Yeyote anayekuuzia kwa kigezo cha "hukumu ya kata" ya juzijuzi anakuuzia karatasi.

Fuatilia mnyororo wa mikataba mpaka kwa mwenyeji wa asili. Pagale likiwa limepita mikono mitatu, iwepo mikataba mitatu, na majirani wanne wa mipaka watambue kila mkono. Waulize mmojammoja, wenzao wasiwepo. Mipaka inayosemwa na jirani akiwa peke yake shambani kwake mara nyingi si ile aliyoitikia mbele ya mwenyekiti.

Mkataba uandikwe na wakili. Wengi huona ni hasara, wakamwandikisha katibu wa stationery au dalali, lakini asiye wakili kisheria haruhusiwi kuandaa hati hiyo kwa malipo, na makosa yake hulipiwa na mnunuzi. Ndani yake viwemo vipimo kwa mita, viwianishi, mchoro wa mkono unaotaja majirani, picha na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za pande zote, bei na jinsi inavyolipwa. Lipa kwa benki, jina la mwenye akaunti liwe la muuzaji, si la shemeji yake. Andikeni pia nani anabeba kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya kuuza mali. Kisheria ni ya muuzaji, lakini akishapokea hela yake akaondoka, usajili wa uhamisho hautaendelea mpaka kodi ilipwe, na atakayekuwa anahangaika Mamlaka ya Mapato (TRA) ni wewe. Ushuru wa stempu, ambao ni karibu asilimia moja ya bei, ulipwe ndani ya siku 30. Mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na watu hugundua hilo siku ya kesi.

Dalali tusimsahau. Kuweka cha juu ni kawaida: mwenye mali anataka milioni 12, dalali anatangaza 15. Dawa yake ni kukaa meza moja na mwenye mali mwenyewe na kumsikia akitamka bei kwa kinywa chake kabla ya siku ya kusaini.

Ardhi ikipita, ndipo fundi anaingia. Na hapa sisi wawili hatuko sawa. Mpima anasema ukishapata ardhi safi kuta ni mali ya ziada, nunua. Fundi anasema kuta mbovu si ziada, ni deni, kwa sababu kuzivunja na kuzoa kifusi kunagharimu. Hesabu ifuatayo ni ya fundi.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 9, vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Kuta zake zote, nje na ndani, ni kama mita 55. Tofali la inchi 18 na mchanganyiko wake wa saruji wa kuunganishia linachukua sentimita 48, kwa hiyo kozi moja (safu moja ya tofali) inakula tofali 115 hivi. Kozi 9 hadi linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na 3 juu yake ni 12. Toa milango na madirisha, unabaki na tofali kama 1,200 juu ya jamvi, yaani zege la sakafu. Zidisha kwa bei ya tofali ya siku hiyo mahali hapo, ongeza saruji ya kujengea na ufundi, kisha fanya vivyo hivyo kwa msingi, jamvi na linta. Hiyo ndiyo thamani ya juu kabisa ya kuta, kama zote ni nzima. Muuzaji anayesema "nimeshatumia milioni ishirini humu" anahesabu pia nauli zake, chai ya mafundi na mchanga ulioibiwa. Usimlipie hivyo.

Kujua kama ni nzima, chimba. Omba ruhusa uchimbe shimo pembeni mwa kona moja, la nje, mpaka ulione zege la kitako, lile la chini kabisa linalobeba msingi. Msingi wa nyumba ya kawaida uende chini angalau sentimita 60 na ukanyage udongo mgumu, si kifusi wala udongo mweusi wenye mizizi. Zege la kitako liwe na unene wa inchi 6 au zaidi. Ukikuta kozi mbili tu na chini yake mchanga, umepata jibu. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, ongeza tahadhari, kwani mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa jua likikaza, na msingi mfupi unapanda na kushuka nao.

Nyufa zisomwe. Ufa mwembamba wima katikati ya ukuta mrefu mara nyingi ni wa kusinyaa tu. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, kuanzia kona ya dirisha kwenda kona ya nyumba, ni wa msingi kushuka. Ukiingiza sarafu ikapita, usinunue kuta. Kama una muda, paka kibandiko cha saruji juu ya ufa, andika tarehe kwa msumari kikiwa kibichi, rudi baada ya mvua. Kikipasuka, nyumba bado inatembea.

Tofali likwaruzwe kwa msumari. Likitoa vumbi la mchanga na mfereji wa kina, saruji ni haba. Fyatulio la kuaminika hutoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Wafyatuaji wa kuuza barabarani huvuta mpaka 45. Ukiokota tofali lililobaki kiwanjani, liachie kutoka usawa wa kiuno: zuri hukatika vipande viwili au vitatu, baya linasambaa. Lakini liangalie kwanza kama ni la mkupuo uleule wa kutani. Wapo wanaoleta tofali nzuri chache za maonyesho.

Juu ya ukuta ndiko kunakosahaulika. Pagale lililokaa bila paa kwa misimu kadhaa hunyeshewa kuanzia juu, maji yanapenya kwenye viungo na kuondoa saruji. Panda ngazi, sukuma tofali za kozi ya mwisho kwa mkono. Zikicheza, ondoa kozi moja au mbili kwenye hesabu yako. Kwenye linta tafuta nondo: nne za milimita 12, na ringi za kuzifunga kila sentimita 20. Kutu nyekundu inayofutika kwa gunia si tatizo. Kutu inayobanduka kama magamba, hasa ukanda wa pwani kwenye chumvi hewani, inamaanisha nondo imepungua na zege limeanza kupasuliwa kutoka ndani. Zege lenye vitundu vinavyoonyesha kokoto tupu halikushindiliwa, na nondo zilizo nyuma yake ndizo huanza kula kutu.

Pima mishazari ya nyumba yenyewe kwa utepe. Tofauti ya sentimita mbili tatu inavumilika. Ikifika kumi, fundi wa kupaua atakutoza zaidi na bati zitakatwa ovyo. Paa la nyumba hii, pamoja na vipenu vya sentimita 60, ni mita za mraba 105 hadi 115 kabla ya mapishano ya bati, na hilo ndilo fungu kubwa linalokusubiri. Kumbuka geji ya bati inaenda kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ukiuziwa "geji kubwa" kwa bei poa, umeuziwa bati jembamba. Mbao za paa (kenchi na papi) zipigwe dawa ya mchwa, na zikaushwe, zisipinde juu. Kisha kuna milango, madirisha, lipu, sakafu, nyaya, mabomba, shimo la choo. Kwa hiyo kuta hadi linta, hata zikiwa nzuri, hazizidi sana thuluthi moja ya safari. Mwenye milioni 15 akizimaliza zote kwenye kununua, ataishi amepanga, na pagale litaendelea kunyeshewa likiwa na mwenyewe mpya. Bora pagale dogo unaloweza kuliezeka mwaka huohuo.

Maji na umeme huonekana mambo madogo wakati wa kununua. Nguzo iko umbali gani, na eneo limewekwa kundi gani? Kwa bei zilizotangazwa Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, kijijini ilikuwa shilingi 27,000, mjini ndani ya mita 30 ilikuwa 320,960, karibu mara kumi na mbili, na maeneo ya pembezoni ndiyo yanayogombaniwa kundi. Uliza ofisi ya TANESCO ya wilaya kwa jina la mtaa. Kuhusu kisima, nenda ukaonje maji ya visima viwili vya jirani, maana pwani kuna mitaa maji ni ya chumvi kila unapochimba. Kisima kinatakiwa kiwe mita 30 kutoka shimo la choo. Mshazari wa kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita 28 na kidogo. Maana yake kiwanja hicho hakibebi kisima na shimo kwa pamoja, na hata ukiacha kuchimba choo chako, cha jirani kinakuhusu. Kwenye viwanja vya namna hii maji yatoke bombani au kisima cha pamoja, na hilo liulizwe kabla.

Nenda kiwanjani wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli. Tazama mstari wa tope kwenye kuta, uone maji yanatokea wapi na yanaishia kwa nani. Muulize dereva wa boda wa kijiweni ni njia ipi haipitiki mvua ikinyesha siku tatu. Huyo hana cha kuuza, atakwambia.

Ukishalipa, usiache pagale peke yake. Wengi huweka mlinzi akae bure alime mihogo. Ni sawa, ila muandikishane, isomeke kwamba anakaa kwa ruhusa yako na ataondoka ukimtaka, na upyaishe karatasi hiyo kila mwaka. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mtu aliyekaa muda huo bila karatasi yoyote atajiita mwenyeji. Kuna pia walinzi wanaouza, na mnunuzi wao anakuja na muhuri kama wako.

Ombi letu kupitia gazeti lako ni moja, na halihitaji bajeti kubwa. Halmashauri zenye maeneo yaliyoandaliwa michoro ya mipango miji zichape ramani hizo kwa ukubwa wa kusomeka na kuzibandika nje ya ofisi za mitaa na vijiji, Vikindu, Mwandege, Zingiziwa, Msangani na kwingineko, zikionyesha barabara, shule, maeneo ya wazi na hifadhi, tarehe ya kuidhinishwa, na namba ya simu ya ofisi ya ardhi. Mchoro ukibadilishwa, karatasi ibadilishwe ndani ya mwezi huo. Kwa sasa ramani hizo zinakaa kwenye makabati ya makao makuu ya wilaya, na mnunuzi wa kutoka Mbagala anatakiwa kuomba ruhusa kazini siku ya kazi ili akazione.

Mpima ardhi na fundi mwashi,
Mkuranga